Neno Nililolipunguza Barazani

Chelangat mwanangu,

Mama yako amekupeleka Langley Park kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua yule dada Mkongo anayesuka, hamtarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nimeachiwa nyumba nzima, birika zima la chai, na meza ambayo kwa mara ya kwanza wiki hii haina nguo zako juu yake. Mabegi yako mawili yamesimama mlangoni. Nimeyapima tena kwa mizani ya bafuni. Usiniulize mara ngapi.

Mambo ya dawa za malaria, pasipoti, na nani wa kumpigia simu ukikwama Nairobi, mama yako ameshakuandikia kwenye daftari, na najua ameyaandika kwa herufi kubwa. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, nimeshindwa kulitamka kwa mdomo, na wiki ijayo utakutana nalo mwenyewe mimi nikiwa sipo.

Ukifika ofisini kwa wakili, atakupa faili la kesi ulisome. Baada ya ramani, kabla ya barua za watu wa misitu, kuna hati ya kiapo ya kurasa tatu. Chini ya ukurasa wa tatu kuna jina langu na sahihi yangu. Nataka uyasikie yaliyomo kutoka kwangu kwanza.

Usiogope. Hii si barua ya msiba. Nimekaa hapa natabasamu peke yangu kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe, kwa sababu kesho unapanda ndege kwenda kufanya kazi ambayo mimi niliiharibu, na wewe hujui kabisa kwamba ndiyo hiyo.

Ulipokuwa na miaka kumi na miwili, mwalimu wako aliwaambia kila mtoto achore mahali familia yake ilikotoka. Ulikuja na kalamu za rangi ukaniuliza, "Baba, sisi ni kabila gani?" Nikakujibu, "Sisi ni Wakenya, inatosha." Ukachora bendera, ukapewa nyota ya dhahabu, nami nikaibandika mlangoni mwa friji. Kila nilipofungua kuchukua maziwa, bendera ile ilinitazama.

Halafu miaka miwili iliyopita ukasoma lile somo la sheria na ardhi za wenyeji. Jumapili moja ulikuja mezani na karatasi zako, ukatusomea habari za watu wa Australia na wa Kanada waliokwenda mahakamani, na majaji wakakubali kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe kabla bendera haijafika. Ulikuwa umechangamka hata chakula kikapoa. Kisha ukaweka uma chini, ukaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, kama wale Waogiek wa msituni, wanaofuga nyuki, ndio sisi. Nikasema nakwenda kuangalia magurudumu ya vani ya kazini. Siku ya Jumapili. Nilikaa ndani ya vani ile dakika arobaini, redio imezimwa, na magurudumu sikuyaangalia.

Jibu ulilipata mwenyewe, kwa barua ulizomwandikia Babu Kimaiyo, naye hakukuficha kitu kuhusu ukoo wetu. Ila alinifichia mimi jambo moja, bila mimi kumwomba.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani mpya wa ofisi ya ardhi ya wilaya. Nilikuwa na viatu vyeusi vya kamba nilivyovipiga rangi asubuhi na jioni. Makarani wenzangu walitoka kwa watu wa ng'ombe na watu wa mashamba, na wakati wa chai walipenda kuwachekesha wenzao kwa habari za Wandorobo, ndivyo walivyotuita, watu wasio na ng'ombe, wanaonuka moshi na asali. Nilicheka pamoja nao. Waliponiuliza kwetu ni wapi, nilitaja mji wa shule niliyosoma.

Siku moja tulitumwa Chepsilat, kwetu kabisa, afisa wa ardhi na saveya wa kupima mashamba na mimi, kuuliza nani ana nini kabla mipaka haijachorwa. Utaratibu ulikuwa rahisi. Anayeonyesha ua, shamba au boma anaandikwa kwenye rejista. Kisichodaiwa na mtu kinakuwa cha serikali. Chifu aliitisha baraza, watu wakaja wote, hata wale wa juu kabisa kwenye mianzi.

Baba mdogo Kimaiyo, Babu yako huyohuyo, ndiye aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya ukoo. Unajua kwamba ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda mti kwa kamba ya ngozi na kuvuta pumzi taratibu nyuki wakikutembelea usoni. Alisimama, akaniona nimeketi kando ya afisa na kalamu mkononi. Mimi nikainamia rejista. Alinitazama kwa muda, akaelewa, na tangu hapo akaniita karani.

"Karani," alisema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni, "mwambie mkubwa wako maneno haya vizuri."

Akaeleza. Kwamba kila ukoo una kipande chake cha ardhi, kinaanzia chini mtoni na kupanda hadi kwenye mianzi, na kipande hicho kinaitwa konoito. Kwamba maua hayachanui mahali pamoja mwaka mzima, kwa hiyo nyuki hupanda na kushuka, na watu nao hupanda na kushuka, lakini ndani ya konoito yao. Kwamba mpaka ni kijito au mgongo wa kilima, na mtu wa ukoo mwingine hatundiki mzinga upande huu bila kuomba. Alitaja vijito kimoja kimoja. Alitaja miti yenye mizinga na majina ya mababu walioitundika. Alisema mpaka afisa akaanza kutazama saa yake.

"Anasemaje?" afisa akaniuliza. "Na konoito ndio nini? Amelitaja mara kumi."

Neno hilo nililijua kabla sijajua kuvaa suruali. Lakini kulieleza sawasawa kulihitaji mtu aliyelala humo msituni, na saveya alikuwa ananitazama huku anatabasamu.

"Unaisikia lugha yao vizuri sana," alisema saveya. "Hawa ni watu wako?"

"Hapana," nilisema. "Nilisoma karibu na hapa."

"Basi konoito ni nini?"

"Ni njia, bwana. Njia wanazopita wakifuata asali."

Afisa akafunga kalamu yake. "Andika hivyo. Wanapita. Hawadai ardhi."

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri mno, Chelangat, kila mtu ofisini aliusifia.

Yaliyofuata umeyasoma. Msitu wote ukaandikwa wa serikali. Miaka ikapita, vipande vikaanza kukatwa na kugawiwa watu ambao hawajaumwa na nyuki hata mmoja pale, na watu wetu wakaambiwa watoke kwa sababu wanaharibu mazingira. Babu akajenga kibanda kando ya barabara, nje kidogo ya mti wa baba yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi ile, nikisema inachosha. Kisha mama yako akapata nafasi ya uuguzi huku Marekani, tukaja, wewe una miaka tisa na meno mawili yameng'oka. Nilimtumia Babu mablanketi na barua fupi. Katika barua hizo nilimuuliza habari za mvua.

Sasa nikuambie habari za Mzee Eugene, ambaye wewe unamjua kama yule mzee aliyekuletea maua siku ya mahafali. Mara tatu kwa wiki namchukua nyumbani kwake na kumpeleka kituo cha wazee pale Landover, na huwa hakubali kukaa kiti cha nyuma. Unajua kwamba ni wa wale wenyeji wa kusini mwa Maryland, waliokuwapo kabla ya meli yoyote. Hujui alichoniambia Jumanne iliyofuata ile Jumapili ya magurudumu.

Tulikwama kwenye foleni karibu na uwanja mpya wa mpira. Nyuma kulikuwa na bibi wawili wamesinzia. Mzee Eugene alikuwa ametoka kwenye mkutano wa watu wake, wanaoiomba serikali ya jimbo iwatambue kuwa wapo, akanieleza kwa nini shauri lao haliendi. Alisema cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa kwamba yeye ni mtu mweusi, basi. Cha baba yake vilevile. Fomu ilikuwa na nafasi mbili, mweupe au mweusi, na karani wa kaunti akachagua moja. Leo wakiomba kutambuliwa wanaambiwa walete karatasi zinazoonyesha kwamba walikuwapo.

"Na karatasi wanazo wao," alisema, "na zote zinasema hatupo." Alilisema kwa kicheko, nikajua amelisema mara nyingi. Halafu akaongeza, "Unajua, Joseph, huwa namfikiria yule karani. Si kwa hasira. Natamani tu kumuuliza kama alikula vizuri mchana ule."

Nilikaribia kupita taa nyekundu. Nikaingiza vani kwenye uwanja wa ghala moja, nikazima injini, nikamweleza kila kitu. Viatu, saveya, njia za asali, mwandiko. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote, hata mama yako. Mzee Eugene alinisikiliza mikono juu ya mkongojo. Nilipomaliza alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na mmoja wa wale bibi akaamka akauliza kama tumefika.

"Nina miaka sabini na minane," alisema. "Maisha yangu yote nimetaka kukutana na wewe. Kumbe ndiwe unayenifunga mkanda."

Sikujua kama nami nicheke. Akanishika bega.

"Karani wangu ameshakufa," alisema. "Hawezi kurekebisha chochote. Wewe u hai, Joseph, na gari unalo. Peleka hawa kina mama wakanywe chai yao, halafu utafute karatasi."

Jioni ile nilimwambia mama yako. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini, wala hakusimama. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza mkono wa pili wa sare.

"Miaka yote hii nilidhani una mke mwingine Kericho," alisema. "Ashukuriwe Mungu, ni msitu."

Kisha akaacha pasi, akaja akaketi karibu nami, tukaandika barua ya kwanza kwa wakili pamoja. Jina lake tulilipata kwenye barua ya Babu, ile aliyomwomba mwalimu wa shule amwandikie. Wakili alijibu kwa faksi kazini kwa mama yako. Alikuwa na swali moja: je, niko tayari kusema kwamba nilijua?

Sikuelewa kwa nini ni swali kubwa hivyo. Akanieleza kwa simu, na nakuandikia hapa kwa kuwa wewe utalielewa kuliko mimi. Mkalimani asiyejua neno akikosea, hiyo ni ajali. Mahakama itasikitika kisha itaendelea na mambo yake. Lakini kama karani alijua maana akaificha, basi maana yake ni kwamba wenye ardhi waliidai siku ileile, mbele ya serikali, kwa wakati unaotakiwa, na dai lao halikuandikwa. Upande wa serikali walikuwa wanasema Waogiek wa Chepsilat hawajawahi kudai chochote, wamezuka juzi tu. Kumbe walidai. Mimi nilikuwa nimeketi pale.

Kwa hiyo kurasa zile tatu zinasema "nilijua". Utakuta neno hilo mara nne. Wakili alitaka liwe mara moja, mimi nikaomba libaki.

Kula kiapo tulikwenda palepale Langley Park, kwenye duka la mama mmoja Msalvador anayeuza maharagwe, kadi za simu na sanamu za watakatifu, na ambaye pia ana muhuri wa kuthibitisha hati. Mzee Eugene alisema hawezi kulikosa jambo hilo, akaja na suti na tai. Yule mama hakulazimika kuzisoma kurasa zangu, lakini alizisoma zote, kidole chini ya kila mstari. Kisha akaniinulisha mkono wa kulia mbele ya foleni ya watu waliokuja kununua kadi za simu.

"Na hawa watu wa nyuki," aliniuliza baada ya kiapo, "bado wapo?"

"Wapo," nilisema.

Akagonga muhuri hata watakatifu wakatikisika rafuni. Kisha akatupa pupusa, mikate ya mahindi ya kwao yenye jibini ndani, tukazila tumesimama, na Mzee Eugene akawaambia watu wote dukani kwamba hajawahi kuona karani anatoka jasho namna ile.

Miezi ikapita. Halafu ikaja ile asubuhi ya Jumamosi unayoikumbuka wewe kwa sababu ulitoka chumbani ukatukuta tunacheza jikoni, mama yako na mwiko mkononi. Uliuliza kuna nini. Nilikuambia mahakama imesimamisha ugawaji wa msitu mpaka kesi isikilizwe yote. Ukapiga kelele, ukaingia katikati yetu na soksi zako, tukacheza watatu mpaka jirani wa chini akagonga dari lake. Baadaye ukauliza wakili amepata ushahidi gani. Nikasema karatasi za zamani. Karatasi hizo ni mimi.

Kitu ambacho hukukisikia ni simu yenyewe. Wakili alizungumza kwanza, akanisomea amri ya jaji. Alinionya, nami nakuonya, tusimwambie mtu kwamba tumeshinda, kwa maana hatujashinda. Hatimiliki haipo, na serikali ina mawakili wengi na subira ndefu. Lakini alisema baada ya kusoma kiapo changu, jaji alimwomba Babu asimame aeleze mwenyewe konoito ni nini. Babu alieleza karibu saa nzima. Mkalimani wa mahakama aliomba maji mara mbili. Kisha wakili akampa Babu simu.

"Baba mdogo," nilisema, na nikashindwa kuendelea.

"Nasikia unapumua," alisema. "Huko ni asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Vizuri. Sikiliza. Siku ile nilijua umeogopa. Kwamba umepunguza sikujua. Nilisema maneno mengi sana, nikaona umeandika mstari mmoja, nikajisemea, kumbe Kiingereza ni lugha fupi." Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Nilirudi nyumbani nikawaambia watu, hawa ni werevu, vijito vyote na mizinga yote imeingia mstari mmoja."

"Ulijua lini?"

"Walipokuja na misumeno. Wewe ulikuwa kijana, ukaogopa. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikaona unaogopa, nikaficha kwamba wewe ni wetu ili usiaibike. Tungesema wote wawili, yule mtu angeandika kingine. Sasa tumeshasema. Mvua huko imenyesha?"

Ndipo nilipoanza kucheza, Chelangat. Mama yako alinikuta nimeshaanza.

Sikukuambia siku hiyo, wala wiki uliyosema unamwandikia wakili kuomba kazi, wala siku jibu lilipokuja na ukakimbia ngazi zote tatu. Nilikuona unafurahi kwa kitu ulichokichagua mwenyewe, nikaogopa kukichafua. Nakuomba msamaha kwa hilo, na kwa ile bendera.

Sasa unakwenda kukaa kwenye kiti kilekile. Utakuwa kati ya wazee na mahakama, na kalamu ni yako. Utatembea nao kijito kwa kijito mkichora ramani, na kila watakachokisema kitafika kwa jaji kikiwa na ukubwa utakaokipa wewe. Mimi si mtu wa kukufundisha kazi hiyo. Naweza tu kukuambia nilipojikwaa. Mzee akizungumza saa nzima na wewe una nusu ukurasa, rudi kwake kesho yake umsomee ulichoandika. Atakuongezea, au atakucheka, na vyote viwili unavihitaji.

Kuna jambo jingine sikuliweka kwenye kiapo kwa sababu nilikuja kulikumbuka baadaye, nikiwa kwenye taa za barabarani. Siku ile ya baraza, nyuma kabisa walikosimama wanawake, shangazi yangu Tabutany alipaza sauti akasema kitu. Afisa hakuuliza anasema nini, nami sikumtafsiria hata kwa uongo. Alikuwa anamsahihisha Babu. Babu alikuwa ametaja jina la kijito kimoja, naye akasema hapana, hicho ni kingine, chetu kiko mbele ya mti ulioanguka. Wanawake ndio walioteka maji, ndio waliojua. Shangazi hayupo tena, lakini binti yake yupo, na katika orodha ya mashahidi niliyotumiwa kuna wanaume kumi na mmoja na hakuna jina lake. Anza naye. Babu atanuna siku mbili.

Na binamu yako Kiprono. Najua mligombana kwa simu mpaka kadi ikaisha. Wewe unataka ardhi iandikwe kwa jina la ukoo, yeye anataka ekari zake na hati yake mfukoni, ukamwita msaliti, kwa Kiingereza, naye kwa bahati mbaya Kiingereza anakijua. Mimi niko upande wako. Mzee Eugene amenieleza habari za wenyeji wa huko magharibi ya nchi hii, jinsi ardhi yao ilivyokatwakatwa kila mtu akapewa kipande, kisha vipande vikanunuliwa kimoja kimoja mpaka watu wakawa wageni katikati ya kwao. Mweleze Kiprono habari hiyo. Lakini kabla hujamweleza, mwache aseme. Ana watoto watatu na amehamishwa mara mbili. Mtu aliyefukuzwa usiku hutaka kitu anachoweza kukikunja na kukimbia nacho. Ukilisikia hilo vizuri, huenda mkapata pamoja namna ambayo wewe na wakili hamjaifikiria.

Lugha yetu bado inakupiga chenga. Nimekusikia chumbani na zile kanda za Babu, unarudia neno, unasimamisha, unarudia. Watakucheka, hasa watoto. Waache. Mimi nilikuwa na lugha nzima kinywani na nikaificha. Wewe unayo nusu na unaitoa mbele za watu. Jana kwenye sherehe ya kukuaga, ulipowashukuru wageni kwa lugha ya nyanya yako, ukakosea, ukaanza upya, mama yako aliangalia dari na mimi nikajifanya natafuta soda chini ya meza. Wale Wazanzibari wa ghorofa ya pili hawakuelewa neno, lakini walipiga makofi kuliko wote.

Nimebakiza habari moja, na mama yako ameapa hatakuambia kabla yangu. Wakili amesema kesi ikianza kusikilizwa, karatasi tatu hazitatosha. Upande wa pili watataka kumhoji karani mwenyewe. Ameshanionya swali lao la kwanza: ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa? Nimelifanyia mazoezi ndani ya vani, Mzee Eugene akiwa wakili wa serikali, na ni mkali kupita kiasi. Nami namjibu, "Wakati ule, bwana." Kisha nitaomba niendelee kwa lugha ya mama yangu, na nitaeleza neno lile kuanzia mtoni hadi kwenye mianzi, bila haraka.

Nimepewa likizo. Mwezi wa pili nitashuka Nairobi, baada ya miaka kumi na mitatu. Babu amesema atakuja uwanja wa ndege mwenyewe, wala hataki kusikia kwamba ni mbali. Hajawahi kufika pale, kwa hiyo mshike mkono kwenye ile milango inayofunguka yenyewe, lakini ufanye kama ni wewe unayeogopa. Mtasimama pale wawili mkitafuta uso wangu katikati ya watu na mizigo. Mimi nitakuwa nimeshawaona. Nitawatazama kidogo kwanza, ndipo niwaite.

Nenda salama, mama yangu mdogo. Chepsilat wanakungoja, nami niko nyuma yako.

Baba yako